Uwani Buguruni, Kunde Kwanza

Njegere zinazouzwa Buguruni zimetoka mbali. Zinapakiwa kwenye malori Lushoto, Njombe na sehemu nyingine za nyanda za juu, zinafika mjini zikiwa bado ndani ya maganda yake, na sokoni utawakuta kina mama wamekaa na mabeseni, wanazimenya na kuzifunga kwenye vifuko. Kifuko kimoja kinatosha mchuzi wa nyumba nzima. Mtu mwenye nafasi kidogo nyuma ya nyumba akishakinunua mara kadhaa, wazo linamjia lenyewe: kwa nini nisipande za kwangu?

Swali hilo linastahili jibu la wazi, maana wakazi wengi wa Dar es Salaam wameanza bustani kwa njegere au maharage, wakaambulia majani bila punje, wakadhani mikono yao haifai kwa kilimo. Mikono haina kosa. Njegere ni zao la baridi. Hustawi kwenye joto la nyuzi 13 hadi 18, na likipita nyuzi 27 maua hupukutika kabla ya kufunga. Julai, katikati ya kipindi ambacho sisi wa Pwani tunakiita baridi, jua la mchana wa Dar es Salaam hufikisha nyuzi 28 au 29. Februari ndiyo usiseme. Mbegu itaota, mche utapanda vijiti vyake vizuri kabisa, utachanua maua meupe, kisha basi.

Maharage yana unafuu, lakini unafuu wenyewe ni mdogo. Asili yake ni Amerika, kuanzia Mexico hadi milima ya Andes, na kwetu yaliingia baada ya Wareno kufika pwani hii. Hata mbegu bora za Tanzania zimezaliwa penye ubaridi: Lyamungu 85 na Lyamungu 90 ni za Kilimanjaro, Selian 97 ni ya Arusha, Uyole 94 na Uyole 96 ni za Mbeya. Maharage yanasumbuliwa na joto la usiku kuliko la mchana, na usiku wa Buguruni, katikati ya kuta za matofali na mabati yaliyokunywa jua kutwa, hauna ubaridi wa kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayeyataka kwa moyo wote ayapande mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, ayavune yakiwa maganda mabichi, na asitegemee gunia.

Zao la kuanza nalo hapa ni kunde. Nasema hivyo bila kusitasita. Kunde ni za bara hili. Waafrika walizifuga kutoka porini zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kwenye nchi za joto, udongo wa kichanga na mvua zisizotabirika. Joto la nyuzi 30 linalouangusha mharage ndilo mkunde unalolipenda. Mbegu huota baada ya siku 3 hadi 5, na baada ya wiki 3 au 4 majani machanga yako tayari kuchumwa. Zipo aina zilizotafitiwa kwa ajili ya maeneo ya joto kama letu: Kituo cha Utafiti cha Ilonga, wilayani Kilosa, kilitoa Tumaini, Fahari, Vuli-1 na Vuli-2. Ukizikosa kwenye maduka ya pembejeo ya Kariakoo, kunde za kula za sokoni zinaota vilevile. Mkunde hujichavusha wenyewe, kwa hiyo punje huzaa mmea unaofanana na mama yake. Chagua punje nzima zisizo na tundu, zifunge 10 kwenye kitambaa kibichi, na zikichipua chini ya 7 tafuta nyingine. Jihadhari tu na mbegu zilizopakwa rangi nyekundu au ya kijani dukani: hizo zina dawa, zisiingie jikoni hata siku moja.

Kabla hujatafuta kiroba cha kwanza, fanya hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuamulia uvune nini. Mkulima anayevuna tani moja ya kunde kavu kwa hekta amefanya vizuri. Wengi nchini hupata chini ya hapo. Tani moja kwa hekta ni gramu 100 kwa kila mita moja ya mraba. Yaani mita nzima ya uwani, baada ya miezi miwili na nusu au mitatu ya kumwagilia, inakupa punje zisizofika kikombe cha chai kilichojaa. Kwa punje kavu, uwani wa Buguruni hauwezi kushindana na gunia la Dodoma, wala hakuna haja ya kushindana. Majani yana hesabu nyingine kabisa. Mita hiyohiyo, ukichuma ncha changa kila wiki kwa mwezi mmoja na zaidi, inakupa mboga ya mlo baada ya mlo. Kwa hiyo punje kavu zinunue sokoni, na uwani panda kwa ajili ya majani na maganda machanga.

Majani ndiyo yanayonifanya niliandike jambo hili kwa uzito. Kaskazini na magharibi ya Buguruni, kuelekea Vingunguti na Tabata, unapita mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kuishia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kwa miongo mingi bonde lake limelisha jiji hili mchicha, matembele, majani ya maboga na kunde. Mto huohuo umepokea maji ya viwanda, ya machinjio na ya vyoo vinavyofurika wakati wa masika. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, majani ya kunde yakiwemo. Walikuta madini mazito, yakiwemo risasi na kadmiamu. Tafiti zilizofuata zimeendelea kuonya kuhusu bonde hilo.

Si kila fungu la mboga sokoni limetoka huko. Mengine yanatoka Bagamoyo, Kisarawe, Mkuranga na pembezoni mwa jiji. Tatizo ni kwamba mnunuzi aliyesimama mbele ya meza hana namna ya kujua. Jani lililonyweshwa maji machafu linaweza kuwa la kijani na laini kuliko lingine lolote. Kuosha kunaondoa vumbi na baadhi ya vijidudu. Risasi iliyopanda kwenye mizizi na kuingia ndani ya jani haiondoki kwa maji wala kwa moto. Nayo huathiri zaidi watoto wadogo, kwenye ubongo, kwa kiwango ambacho mzazi hawezi kukiona kwa macho.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kunde za uwani: unajua zimekunywa nini. Faida hiyo inapotea papo hapo ukikosea udongo. Buguruni ni mahali pa kazi. Barabara za Uhuru na Mandela zinakutana hapa, reli inapita, gereji na wanunuzi wa vyuma chakavu wako kila mtaa. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi haiozi; iliyoanguka kando ya barabara miaka ya 1980 bado imo kwenye tabaka la juu la udongo. Mahali palipowahi kuvunjwa betri za magari, kumwagwa oili chafu au kuchomwa nyaya ili kutoa shaba, usipalime na usichote hata ndoo moja. Usichote pia udongo wa mtaroni hata kama ni mweusi na unavutia, wala mchanga wa mto.

Udongo ununue au utoe unakokujua. Wenye bustani za maua kandokando ya barabara kubwa za jiji huuza udongo kwa kiroba; waulize umetoka wapi. Ndugu wa Kisarawe au Mkuranga anayekuja mjini na gari anaweza kukubebea viroba viwili. Changanya sehemu mbili za udongo huo na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Mbolea ya kuku ipo tele jijini, maana mabanda ya kuku wa nyama yako kila kona, ila hiyo ya mabandani imejaa maranda na ina ukali. Iache ioze miezi miwili au mitatu, ikiwa imefunikwa na kuloweshwa mara mojamoja, mpaka isinuke tena. Ikiingia mbichi huunguza miche.

Wala usiizidishe. Mizizi ya kunde hushirikiana na bakteria waliomo ardhini, ambao huishi kwenye vinundu vidogo na kuichukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Kunde hazichagui bakteria kama mazao mengine ya jamii yake. Wale wa udongo wetu wa kawaida wanazitosha, kwa hiyo huhitaji kununua unga wowote wa kuchanganya na mbegu. Ukitaka kuhakikisha kazi inafanyika, ng’oa mche mmoja wa wiki 4 au 5 taratibu, upasue kinundu kwa kucha. Kikiwa na wekundu ndani, mambo ni mazuri. Kikiwa cheupe au cha kijivu, au vinundu havipo kabisa, mara nyingi umeweka samadi nyingi mno au udongo umetuama maji. Mkunde uliolishwa kupita kiasi humwaga majani mapana ya kijani kibichi na kusahau kuzaa. Kwa anayetaka majani peke yake si hasara, ila vidukari nao huupenda mkunde wa namna hiyo. Mizizi ikishamaliza kazi iache udongoni, ukate shina juu. Mchicha utakaoufuatisha hapo utakushukuru.

Sasa nafasi. Nyumba nyingi za Buguruni bado zina umbo la nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na kamba za nguo, unaotumiwa na familia nne au tano. Mpangaji hawezi kuchimba ua wa watu. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilimwekea mtu kikomo cha ekari tatu. Kwetu hapa mazungumzo ni ya hatua tatu. Kwa hiyo tunapanda kwenye vyombo: viroba vya kilo 50 vilivyokunjwa hadi usawa wa goti, ndoo za lita 20 zilizooshwa vizuri, madumu yaliyokatwa ubavuni. Toboa matundu chini, weka kokoto kidogo, jaza. Kiroba kimoja kinabeba miche minne au mitano ya kunde, ndoo inabeba miwili. Mpangaji akihamishwa, anaondoka na bustani yake kwenye guta. Kiroba chenyewe kina maisha mafupi, maana jua hukikausha na kukipasua baada ya msimu mmoja au miwili, kwa hiyo usikiinue kikiwa kimejaa bila kukifungia kingine kwa nje. Ndoo na dumu lililowahi kubeba kemikali usilitumie.

Kinachopungua zaidi kwenye nyua zetu ni jua. Kunde zinataka saa 6 za jua la moja kwa moja, na nyumba zimebanana. Tazama kwa siku moja ni wapi mwanga unafika saa tatu asubuhi na bado upo saa tisa alasiri, weka viroba hapo hata kama ni mbele ya nyumba au juu ya zege la ngazi. Ukuta wa kusini wa uwani, unaoangalia kaskazini, hupata jua zuri kuanzia Mei hadi Agosti. Kuku watafika kabla yako, kwa hiyo zungushia wavu mpaka miche ifike kimo cha shubiri.

Maji nayo yana la kusema. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maharage ni kati ya mazao yasiyovumilia chumvi hata kidogo. Pengine hiyo ndiyo sababu ya pili ya watu kushindwa nayo, bila kujua. Kunde huvumilia mara kadhaa zaidi. Hata hivyo, maji yanayoharibu ladha ya chai yataacha ukoko mweupe juu ya udongo wa kiroba baada ya wiki chache, na kingo za majani zitaungua. Tumia maji ya bomba au ya mvua unapoweza. Ukitumia ya kisima, mara moja kwa wiki mwaga mengi hadi yatiririke chini, yaondoke na chumvi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni ya unga nyingi yaache. Na ndoo za kukingia mvua zifunikwe: mbu anayeeneza dengi huzaliana kwenye maji masafi ya makopo, ndoo na matairi, na jiji hili liliugua dengi 2014 na tena 2019. Bustani isiwe chanzo cha homa ya jirani.

Kwa majani, panda mwezi wowote mradi maji yapo. Kwa punje, subiri mvua kubwa za masika zianze kupungua, mwishoni mwa Aprili au Mei, ili maganda yakauke Julai bila kuozeshwa na mvua. Uchague mapema mmea upi ni wa majani na upi wa punje. Mche unaochumwa kila wiki hauna nguvu ya kujaza maganda, na watu wengi hulaumu mbegu wakati wamechuma wenyewe. Mimi ningetenga kiroba kimoja kati ya vinne kwa ajili ya mbegu ya msimu ujao, nisikiguse.

Adui wa kwanza ni vidukari, wale weusi wanaojazana kwenye ncha na ambao wakulima huwaita wadudu mafuta. Wanakuja wakati wa kiangazi na wanabeba virusi vinavyokunjakunja majani. Siku ya kwanza unayowaona, waponde kwa vidole au warushie maji kwa nguvu. Wakizidi, tumia maji ya sabuni ya kipande yaliyokorogwa mepesi, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Dawa za shambani zenye sumu kali usizitumie kwenye mboga utakayochuma keshokutwa, na kamwe usikubali ile inayopimwa na kuuzwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Mche wenye majani yaliyokunjamana na mabaka ya njano ung’oe, hauponi.

Fukusi ni wa ghalani, ingawa huanzia shambani. Hutaga kwenye ganda likiwa bado mtini, na wiki chache baadaye punje zote zina matundu. Vuna mara ganda linapokauka, anika tena juani siku mbili au tatu, kisha jaza chupa kavu ya maji hadi shingoni na ufunge sana. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa.

Choroko zinafuata masharti yaleyale ya kunde na huwahi kukomaa, hata siku 60 au 70 zinatosha, lakini majani yake hatuli, kwa hiyo kwenye ua mdogo ziko nyuma. Mbaazi ni habari nyingine. Kama una uzio au kona ya ardhi salama, mti mmoja au miwili ya mbaazi inakaa miaka miwili au zaidi, mizizi inakwenda chini sana, kiangazi hakiisumbui, na mbaazi mbichi za kumenya zinachukua nafasi ya njegere kwenye mchuzi bila mtu kulalamika. Mwenye hamu ya njegere apande mbaazi. Nazo tunazilima kwa wingi: Mtwara, Lindi na Babati wanakumbuka jinsi bei ilivyoporomoka 2017 baada ya India kuweka kikomo cha uagizaji. Wakati huo mji huu, unaokula mbaazi za nazi kwa maandazi kila asubuhi, ungeweza kula zaidi.

Jikoni, majani ya kunde yachumwe machanga, jani la tatu au la nne kutoka nchani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Yakikomaa yana nyuzi. Katakata, chemsha kidogo, weka nyanya na kitunguu, malizia na tui zito au karanga zilizotwangwa. Maganda machanga yakatwe pamoja nayo. Ni mboga yenye protini na madini ya chuma, na ukiila na kitu chenye uchachu kama ndimu au nyanya mbichi mwili huchukua chuma hicho vizuri zaidi. Kwa mama mjamzito na mtoto aliyeacha ziwa hilo si jambo dogo.

Lipo ambalo mwananchi hawezi kulifanya peke yake, nalo ni kupima udongo. Nchi ina wataalamu: TARI Mlingano, mkoani Tanga, ni kituo cha utafiti wa udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina maabara. Maofisa ugani wapo hadi mjini. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ichukue sampuli za udongo na maji katika kata zinazopakana na Msimbazi, Buguruni ikiwemo, ipime risasi na kadmiamu, na ibandike majibu kwenye ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa. Anayenunua fungu la kunde jioni akitoka kazini ana haki ya kujua limeota wapi, na anayepanda uwani ana haki ya kujua anapanda kwenye nini.

Wakati tukiyasubiri majibu hayo, tumia udongo unaoujua ulikotoka. Panda punje tatu kwa shimo, zikiota bakiza mche mmoja ulio imara, na mbegu ya ziada mpe jirani wa chumba cha pili.